Koki Iliyokutwa Wazi

Kila aliyemuuliza mume wangu alipewa sentensi moja: "Tulimwaga maji yote, tukafunga koki, tukaondoka." Alimwambia hivyo mwenye nyumba kwa simu. Akamwambia hivyo wakala wa bima. Akaniambia na mimi jikoni, akiwa amenipa mgongo. Ilipofika mara ya tatu nikaanza kumshuku.

Mimi ni mkalimani hospitalini. Nakaa kati ya daktari na mgonjwa, nasikiliza huku na huku. Kazi hiyo imenifundisha kwamba mtu anayekumbuka jambo halisimulii vilevile mara mbili. Leo ataanza na mvua, kesho ataanza na viatu vilivyombana. Anayerudia maneno yaleyale kwa mpangilio uleule ameyaandaa kabla. Wagonjwa wanaoficha dawa chini ya godoro huzungumza hivyo. "Nakunywa asubuhi na jioni, baada ya chakula." Hawakosei hata herufi.

Mume wangu ni fundi bomba. Kazi zake nyingi ni hapahapa Birmingham: boila za maji moto zilizozima, masinki yaliyoziba, mabafu ya wanafunzi. Mwaka ule alimtengenezea boila mzee mmoja wa mtaa wa Great Barr, Mwingereza, na mzee akapenda kazi yake. Mzee huyo ana nyumba ya wageni kaskazini kabisa mwa Uskoti, mahali ambapo barabara ya lami inaishia kwenye mawe na bahari. Mafundi wa huko ni wachache na kila mmoja ana foleni ya miezi. Akamwomba mume wangu aende na mwenzake wakabadilishe mabomba ya zamani wakati nyumba haina wageni, yaani katikati ya majira ya baridi.

Kabla hawajaondoka tulikwenda kwa wakala wetu wa bima, Mpakistani mwenye ofisi juu ya duka la vitambaa kule Coventry Road, Small Heath. Alitazama ramani kwenye kompyuta yake, akavimbisha mashavu, akatuongezea bima ya safari hiyo. Sharti moja alilisoma kwa sauti, akalirudia: nyumba isiyokaa mtu wakati wa baridi isiachwe na maji kwenye mabomba. Maji yakiganda ndani ya bomba hulipasua, na barafu ikiyeyuka nyumba inakuwa bwawa. Wakiyaacha, kampuni inaweza kukataa kulipa. Mume wangu alicheka, akasema kumwaga maji ya nyumba ni kazi ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Walikwenda, wakafanya kazi, wakarudi. Alirudi na baridi kwenye mifupa, akalala siku nzima na soksi. Wiki ya pili mzee wa Great Barr akapiga simu. Jirani wa kule kaskazini alikuwa anapita na mbwa wake, akaona barafu imetoka chini ya mlango wa mbele kama ulimi. Aliingia kwa ufunguo wa akiba. Dari ya chumba cha kulia ilikuwa imeanguka juu ya meza, na mbao za sakafu zilikuwa zimevimba. Koki kuu, ile inayoingiza maji kutoka barabarani, ilikuwa wazi. Huyo jirani ndiye aliyeifunga.

Bima ikikataa, nyumba nzima ya mtu ingekuwa juu yetu, na hilo peke yake lilitosha kutumaliza. Lakini kulikuwa na jingine. Hapa fundi asiye na bima haruhusiwi kukanyaga kwenye jengo la mtu mwenye akili zake, na aliyewahi kukataliwa na kampuni moja huulizwa habari hiyo na kampuni zote. Gari, vifaa, riziki yetu na riziki ya mwenzake, vyote vilikuwa vimening'inia kwenye ile koki.

Wa kwanza niliyemshuku, baada ya mume wangu, alikuwa huyo mwenzake. Ni Mkongo wa Lubumbashi, Mkristo wa kwaya, mtu wa kifua kipana na kicheko cha karibu. Wamefanya kazi pamoja tangu chuo. Alikuja Jumamosi kuchukua ngazi yake. Nikamkalisha kwa chai na chapati kabla mume wangu hajarudi kutoka sokoni, nikamuuliza siku ile ilikuwaje.

"Shemeji, tulimwanga mayi yote, tukafunga robinet, tukaondoka," akasema. Koki yeye huiita robinet. Nje ya hapo ilikuwa sentensi ileile, mfupa kwa mfupa.

"Nani alitoka ndani mwisho?"

"Ah. Leo chai iko na maulizo."

"Nauliza tu."

"Uliza bwana yako. Miye niko dereva." Akakunja chapati, akaitia yote mdomoni, ikawa sababu ya kunyamaza. Alipomaliza kutafuna akaja na nadharia yake. Yule mzee alikuwa anataka dari mpya. Ile ya zamani ilikuwa imeshalala katikati, yeye Mkongo mwenyewe alimwonyesha mume wangu walipokuwa kule. Mtu mwenye dari kama hiyo, na mafundi wawili weusi wametoka tu nyumbani kwake, anahitaji nini zaidi ya kufungua koki?

Nitasema ukweli: nadharia hiyo nilikaa nayo siku mbili na ilinipendeza. Nilimpigia mzee simu, nikajifanya nauliza kuhusu vifaa vilivyobaki, katikati nikapenyeza swali la funguo. Akajibu bila kusita. Jirani anao mmoja, mama anayesafisha anao mmoja, na huyo mama hajafika tangu wageni wa mwisho walipoondoka, kwa sababu barabara yake hufungwa na theluji. Yeye mwenyewe hajatoka Great Barr. Goti lake haliruhusu. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, kama mume wangu hunywa pombe.

Nikamwambia hanywi, hajawahi.

"Wake zao wote husema hivyo," akasema.

Basi tukawa tunashukiana sote. Mzee anamshuku mume wangu, Mkongo anamshuku mzee, mimi namshuku kila mtu. Na mume wangu, jambo lililonitia wasiwasi kuliko yote, hamshuku yeyote. Namjua. Akipigwa faini ya maegesho kwa haki hulaumu halmashauri, hali ya hewa na mimi. Safari hii hakulaumu mtu. Mwenzake alipomwambia habari ya mzee na dari yake, alisema, "Wacha, bwana. Mzee wa watu," akaenda kuosha gari lililokuwa safi.

Kampuni ya bima ikamtuma mkaguzi. Alikuwa mwanamke wa makamo, nywele fupi, sauti ya mtu wa kaskazini. Mlangoni alivua viatu bila kuambiwa, na nikamshuku kwa hilo pia: nilijiuliza ni nyumba ngapi za watu kama sisi alizoingia mpaka akajua. Binti yetu alichungulia kutoka ngazini, akaniuliza kwa Kiingereza kama yule mama ni polisi. Mkaguzi akamjibu mwenyewe kwamba hapana, polisi hulipwa vizuri zaidi. Nikacheka. Mume wangu hakucheka.

Chai aliipokea akaishika tu kwa mikono miwili, hakunywa. Aliomba aelezwe siku ya kuondoka tangu asubuhi. Mume wangu akampa sentensi yake kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza pia ilikuwa na vipande vitatu. Mkaguzi akaandika. Akamwomba aeleze tena, polepole. Akapata vilevile.

Ndipo alipotoa picha kwenye kompyuta ndogo ya kushika mkononi. Alizipiga jirani kabla hakijaguswa kitu. Dari juu ya meza. Zulia limeganda, limesimama kama ubao. Kisha choo kidogo cha ghorofani, mwisho wa ukumbi, kwenye ukuta unaopigwa na upepo wa kaskazini. Chini ya sinki bomba lilikuwa limepasuka kwa urefu, kama ganda la kunde. Maji yote yalitokea hapo.

"Kama mlimwaga na mkafunga," alisema, "maji haya yalitoka wapi?"

Mume wangu alisema hajui.

Mimi sikuwa naangalia bomba. Kwenye sakafu, mbele ya sinki, kulikuwa na boksi la karatasi ngumu lililofunguliwa na kulazwa bapa, limelowa na kuganda. Mkaguzi naye alikuwa ameliona. Akaweka kidole juu yake, akauliza ni nini.

"Takataka za kazi," akasema mume wangu.

Hapo nikajua anasema uongo, maana mume wangu haachi takataka kwenye nyumba ya mtu. Anaokota hata vipande vya uzi wa kufungia mabomba, anaviweka mfukoni, navikuta mimi kwenye mashine ya kufulia. Na boksi la namna ile nalijua. Nyumbani akitia udhu kabla ya swala hutandika taulo chini ya sinki. Kwa wateja hutandika boksi, asije akakanyaga mazulia ya watu kwa miguu inayochuruzika. Nyuma ya gari lake hayakosekani maboksi mawili matatu yaliyolazwa hivyo.

Mkaguzi alimtazama mume wangu, kisha akanitazama mimi kwa kitambo kirefu zaidi. Alipokuwa anavaa viatu alisema ripoti yake itafungwa mwisho wa wiki. "Mtu akikumbuka kitu, anipigie mwenyewe. Kukumbuka si vibaya. Vibaya ni mimi kukumbuka kwa niaba yake."

Mlango ulipofungwa mume wangu alichukua kikombe cha mgeni, kingali kimejaa, akaanza kukiosha.

"Siku mliyoondoka," nikamwambia, "adhuhuri yako uliiswali wapi?"

"Palepale."

"Palepale nyumbani kwa mtu?"

"Mazulia yake safi."

"Na udhu?"

Akafunga bomba la maji. Nikasikia watoto juu wakibishana kuhusu chaja.

Akanieleza, na safari hii maneno hayakuwa na mpangilio. Alianza na chupa. Chupa za maji walizokuwa nazo kwenye gari zilikuwa zimegeuka mawe. Walikuwa wamekwisha kumwaga maji ya nyumba, koki imefungwa, vifaa vimepakiwa, mwenzake yuko nje anakwangua kioo cha gari. Adhuhuri ikaingia. Mbele yao kulikuwa na njia ndefu, na yeye alitaka kuiunganisha na alasiri kabla hawajaingia barabarani. Akarudi ndani, akafungua koki, akapanda kwenye kile choo kidogo kwa sababu ndicho chenye sinki la chini, rahisi kwa miguu. Akanuia akimaliza kuswali atafunga na kumwaga tena. Akiwa kwenye rakaa za mwisho theluji ikaanza kuanguka kwa fujo, na mwenzake akapiga honi. Akapiga tena. Akatoa salamu, akakunja mswala, akashuka mbio, akafunga mlango.

"Si ungetayamamu kwa udongo?" nikasema. Sijui kwa nini hilo ndilo lililonitoka kwanza.

"Na maji yapo? Tayamamu ya nini na maji yapo?"

"Ulikuwa umeyafunga."

"Kuyafunga si kuyakosa." Akasema kwa ukali wa mtu aliyekwisha kubishana na nafsi yake juu ya jambo hilo, usiku hadi usiku.

Nilimuuliza alikumbuka lini kwamba koki imebaki wazi. Akasema simu ya mzee ilipokuja. Alisema hivyo akiangalia kikombe, na mpaka leo sijui kama nilimwamini.

Sababu za kuficha alikuwa nazo mbili. Ya kwanza, wakala wa bima alimwonya tangu mwanzo wa mkataba: likitokea jambo, usikiri kosa. Na yeye alielewa kwamba bima haimlipi mkosaji. Ya pili aliisema taratibu, kama mtu anayeweka kitu kizito chini.

"Sitaki iandikwe mahali kwamba nyumba ya watu imeharibika kwa sababu Muislamu alikuwa anaswali. Ikishaandikwa haifutiki. Kesho atakuja kijana mwingine kuomba bima, wataangalia jina lake, watamuuliza."

Nimeona majina yetu yakiangaliwa. Lakini nilijua pia kwamba mkaguzi ameliona lile boksi, na kwamba mtu anayejua kuvua viatu mlangoni pengine anajua na boksi la nini.

Kesho yake tulikwenda Small Heath. Wakala alitusikiliza mikono ikiwa kichwani. Mume wangu alipofika kwenye onyo lake, wakala akamkatiza.

"Nilisema usikiri kwa mwenye nyumba. Kwa mwenye nyumba! Kwake wewe si hakimu wa kesi yako, kazi hiyo ni ya kampuni. Lakini kampuni yenyewe uiambie kila kitu. Ndugu yangu, bima ni ya makosa. Asiye na kosa ananunua bima ya nini?"

Kisha akatulia, akasema hawezi kutuahidi. Sharti la kumwaga maji lilikuwepo na lilivunjwa. Wanaweza kulishikilia, wanaweza kusema fundi alimwaga kweli, kilichofuata ni usahaulifu, na usahaulifu unalipiwa. Anachokijua kwa hakika ni kwamba uongo haulipiwi. Mume wangu alimuuliza kama ni lazima kutaja swala. Wakala, ambaye kofia yake ya kuswalia ilikuwa juu ya printa, alitazama dirishani. Akasema amwambie mkaguzi ukweli kiasi kwamba kesho asihitaji kukariri alichosema.

Tukiwa kwenye gari mume wangu akampigia mwenzake, akaweka simu kwenye spika. Nilidhani anataka wapange maneno upya. Kumbe alitaka ruhusa ya kutaja honi. Yule Mkongo akasema, bila kicheko, "Kaka, mutu akiwa anaomba, haufai kumupigia honi. Niliiogopa ile theluji. Ile siku yote njiani nilikuwa nasikia haya kukuambia. Sema yote. Honi iko ya miye."

Ndiyo sababu alikuwa ameimeza sentensi ya mume wangu nzima. Hakuwa na habari ya koki. Alijua tu kwamba mwenzake aliharakishwa, na kwamba aliyemharakisha ni yeye.

Mkaguzi alipokea simu mara moja. Mume wangu alisimama katikati ya sebule, simu juu ya meza, mimi kwenye kiti. Akamwambia kwamba baada ya kumwaga maji alifungua tena koki. Tukasikia vidole vyake vikigonga kibodi.

"Kwa nini uliifungua?"

"Kunawa."

"Kunawa mikono?"

Alinitazama. Mlango ulikuwa umefunguliwa mbele yake. Fundi anayenawa mikono baada ya kazi, nani angeuliza zaidi? Hata mimi, niliyekuwa nimemwandama wiki nzima kwa maswali, nilitamani aseme ndiyo na yaishe.

"Hapana," akasema. "Mikono, uso, miguu. Nilikuwa naswali kabla ya safari. Nilikusudia kufunga nikimaliza. Theluji ikaanza, mwenzangu akaniita, nikasahau."

Vidole vikasimama. Kisha vikaendelea. Mkaguzi akauliza kama lile boksi alilitandika wakati huo. Akajibu ndiyo. Akauliza mambo mengine mawili ya kawaida, akashukuru, akakata simu. Sauti yake haikubadilika mahali popote, na mume wangu alikaa mpaka magharibi akijiuliza kutobadilika huko kulikuwa na maana gani.

Walilipa. Ilichukua majuma, na wakala ndiye aliyetupigia. Mzee wa Great Barr akapata dari yake na sakafu yake, na akamtaka mume wangu arudi kwenye kazi. Mume wangu akakataa kwa adabu. Nilitegemea afurahi, lakini swali lake kwa wakala lilikuwa moja: wameandika sababu gani? Wakala akasema wameandika kwamba fundi aliacha koki wazi. Basi? Basi, hayo ndiyo aliyoyaona yeye. Aliyoyaona yeye, mume wangu akarudia alipokata simu.

Bima ilipofika wakati wa kuhuishwa tulipanda tena ngazi za juu ya duka la vitambaa. Wakala alisoma maswali kwenye skrini, mume wangu akajibu: idadi ya wafanyakazi, aina ya kazi, umbali anaokwenda. Wakafika kwenye swali ambalo hatukuwahi kulisikia. Je, baada ya kumwaga maji ya jengo, huwa unayafungulia tena kwa matumizi yoyote?

Mume wangu akaegemea mbele. "Swali hili wanaulizwa mafundi wote?"

"Sijui," akasema wakala. "Wewe ni fundi wa kwanza kuja mwezi huu."

"Liangalie kwa mwingine."

"Siwezi kufungua faili la mtu mwingine, unajua hivyo."

Mume wangu alinigeukia. Nilitazama uso wa wakala nikitafuta chochote, kama ninavyotazama nyuso kazini, sikupata kitu. Skrini ilikuwa inasubiri kati ya ndiyo na hapana, na chini yake nafasi ya maelezo.

"Andika ndiyo," akasema mume wangu. "Andika, nafungua kwa ajili ya udhu, halafu naswali, halafu nafunga na kumwaga tena. Andika hivyohivyo."

Wakala akamuuliza hilo neno udhu linaandikwaje kwa Kiingereza. Mume wangu akamwambia yeye ndiye anajua, kofia ya kuswalia ni yake.